Pu Rohnuna na Barabara Isiyo na Kona

Pu Rohnuna, kwa ile Pu ya heshima tunayompa kila mwanamume mzima, anaachia usukani tarehe 31 Oktoba, akiwa ametimiza miaka thelathini na minne ya kuendesha magari ya Hospitali ya Kanisa ya Saikhumtlang. Katika miaka yote hiyo hajamgonga mtu, hajatumbukia bondeni, na hajafika mahali popote kwa wakati. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Zahmingi wa chumba cha ushonaji, niandike wasifu huu, na imesisitiza uwe wa uchangamfu. Nitajitahidi. Ila yeyote aliyewahi kusafiri na mzee huyu anajua kwamba uchangamfu huja baadaye sana, ukishashuka, ukanawa miguu na kunywa chai.

Alizaliwa katika kijiji cha bondeni, mtoto wa tano wa mkulima wa mpunga wa mlimani. Shule aliiachia darasa la saba, akawa utingo wa malori ya mbao, na huko ndiko alikojifunza kuendesha. Alipoajiriwa hapa, hospitali ilikuwa na gari moja la Jeep lenye paa la turubai, ambalo milango yake ilifungwa kwa kamba. Mvua ikinyesha mgonjwa alilowa, muuguzi alilowa, na dereva alilowa kuliko wote, kwa kuwa koti lake alikuwa amemfunika mtu mwingine. Baadaye lilikuja gari la pili, kisha hili la sasa lenye machela na taa ya buluu juu. Taa hiyo ameiwasha mara chache sana. Anasema inawatia watu hofu bure.

Aliyoyatenda ni mengi na yanastahili kutajwa. Mwaka ule mlima ulipoporomoka ukaikata barabara ya kwenda Aizawl, mji mkuu wa jimbo letu, alilibeba sanduku la chanjo mgongoni, mkanda ukiwa kwenye paji la uso kama mama anayetoka kuokota kuni, akavuka tope kwa miguu na kudandia lori upande wa pili. Watoto wa vijiji vya kule walichanjwa wiki ile ile. Amefundisha madereva vijana watatu na wote, tunamshukuru Mungu, hawaendeshi kama yeye. Hapigi honi. Hilo kwetu si la ajabu, maana katika milima hii nani anapiga honi, lakini Pu Rohnuna akikuta kuku amelala barabarani hushuka akaongea naye.

Sasa nifike kwenye kasoro yake, ambayo wote mnaijua. Kasoro yake ni kusimama.

Pakiwa na mtu barabarani, Pu Rohnuna husimama. Hangoji mtu anyooshe mkono. Mtu akiwa amekaa zake juu ya jiwe anatafuna tambuu, husimama amwulize kama anakwenda mahali, na yule ambaye hakuwa na safari huikumbuka hapo hapo. Daktari Muankimi aliwahi kufika kwenye kliniki ya kijijini akiwa amempakata mtoto wa nguruwe aliyefungwa ndani ya kikapu, kwa sababu mwenye nguruwe alikuwa amepakata maboga. Nilikuwemo, nimebanwa kati ya magunia mawili ya tangawizi, na shuka zangu zilizopigwa pasi zikiwa chini ya miguu ya watu.

"Pu," Daktari alimwuliza, "tunakwenda kliniki au tunahamisha kijiji?"

"Kliniki, Daktari. Hawa wanashuka hapo mbele."

"Hapo mbele wapi?"

"Kliniki."

Siku nyingine gari lilijaa kweli kweli, akampita bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni. Njia nzima aliugua kama mwenye jino bovu. Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko. Badala ya kukaa nyumbani aliteremka kwa miguu mpaka kijiji cha yule bibi kumweleza kwamba gari lilikuwa limejaa. Bibi hakumkumbuka, wala gari hakulikumbuka. Ila alipoona mwanamume mzima amesimama mlangoni hana kazi, alimpa shoka. Pu Rohnuna alipasua kuni hadi jioni, akarudi na malengelenge, na asubuhi yake akashindwa kuushika usukani vizuri, tukachelewa tena.

Mtu angeweza kudhani ni huruma tu, na huruma mtu huizoea. Lakini yeye ana sababu, na sababu yake ndiyo inayochosha. Sababu yake ni mbinguni.

Nataka nimtendee haki. Hahubiri asipoulizwa. Kwaya hajaingia, kwa sauti ile aliyonayo, na mimbarani hajawahi kupanda. Tatizo ni kwamba watu humwuliza, hasa wauguzi wapya ambao hawajui ni safari ya saa ngapi wanaianza. Mbinguni kwa Pu Rohnuna hakuna dhahabu wala malango ya lulu, au kama vipo yeye hana habari navyo. Mbinguni kwake ni mahali pasipo na kona.

"Hapa kwetu," aliwahi kumwambia muuguzi Remsiami, "ukimpita mtu, kona inamficha. Ukitazama nyuma unaona mlima tu, basi unasahau. Kule hakuna kona. Wote mko peupe, mnaonana toka mbali, na pa kugeukia hakuna. Sasa yule niliyempita kwenye mvua na mzigo wake, nitakuja kumtazama usoni vipi?"

"Lakini Pu, kule si tutakuwa tumeshasamehewa?"

"Tumesamehewa, ndiyo. Ndiyo maana aibu itakuwa kubwa zaidi."

Remsiami ni binti mwenye ulimi. "Na kama ni kuzuri hivyo, mbona unashika breki kila kona? Si uachie tu, tufike mapema?"

"Mimi niko tayari, binti. Ninyi ndio sina hakika nanyi."

Aliyemwuliza kuliko wote alikuwa mume wangu, marehemu Biakmawia, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Wengi mnamkumbuka. Kila siku shule ikifungwa alikaa na Pu Rohnuna kwenye kibanda cha chai cha hapo getini, na mimi nikitoka kazini nilimkuta hapo hapo, nusu ya tambuu shavuni na nusu nyingine ameifunga kwenye jani na kuitia mfukoni mwa shati. Shati nilifua mimi. Kanisani alikwenda kila Jumapili, akakaa karibu na mlango, na mahubiri yakizidi urefu alitoka kutazama kama mvua inakuja.

"Huko kwenu, Pu," alikuwa akianza, "chai ipo?"

"Sijaambiwa."

"Tambuu je?"

"Sijaambiwa."

"Basi wewe tangulia. Mimi nitangoja taarifa kamili."

Walirudia maneno haya miaka mingi bila kuchoka. Mimi nilichoka. Nilisimama pale na kapu langu la vitambaa, wali wa jioni haujapikwa, nikiwasikiliza wanaume wawili wakibishana kuhusu nchi ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuiona.

Julai ya mwaka juzi Biakmawia aliamka akitapika damu. Daktari Muankimi alimtazama, akasema apelekwe Aizawl mara moja. Asubuhi ile wauguzi walikuwa kwenye chumba cha kujifungulia na hakuna aliyeweza kutoka, basi mimi ndiye niliyepanda nyuma na kuishika chupa ya dripu. Pu Rohnuna aliendesha. Siku hiyo taa ya buluu aliiwasha mwenyewe bila kuambiwa, na sehemu yote ya kwanza ya njia alikwenda kwa mwendo ambao sikujua anao.

Mbele kidogo ya pale mlima ulipoporomoka mwaka ule, chini ya karatasi ya nailoni, walikuwa wamesimama watu watatu. Kijana mmoja, mkewe, binti aliyekaa juu ya kigoda cha kubebea mgongoni, na mama mmoja mtu mzima. Tumbo la yule binti lilionekana toka mbali. Kijana hakupunga mkono. Alituangalia tu.

Niligonga kidirisha cha dereva. "Pu, usisimame. Nakuomba."

Hakugeuka. Gari lilipunguza mwendo lakini halikusimama. Miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona mzee huyu mguu wake ukikosa uamuzi. Tuliwakaribia, tukawafikia, na nilijua kwamba angepita. Kwa ajili yangu angewapita.

Hapo ndipo mume wangu aliposema toka kwenye machela. "Mwambie awapakie. Tukiwapita hawa atatuhubiria mpaka Aizawl, na mimi leo sina nguvu za kumsikiliza."

Pu Rohnuna alisikia. Gari lilisimama.

Waliingia na maji yao ya mvua na kigoda chao. Biakmawia alijiinua. Nilimwambia alale, akasema akilala damu inampanda kooni, ni afadhali akae, na machela apishwe mama kijacho. Hadi leo sijui kama ilikuwa kweli. Alikaa ameniegemea, bega lake hapa kwenye shingo yangu.

"Ni wa kwanza?" akamwuliza binti.

"Wa kwanza, Pu."

"Usiogope. Huyu dereva hana haraka hata kidogo. Mtoto mwenyewe ataona bora angoje."

Na mtoto akangoja. Naandika hili kwa sababu nasikia watu wakilisimulia vingine, kwamba kichanga kilizaliwa garini, kwamba uhai mmoja ulitoka na mwingine ukaingia. Si kweli. Tulipofika Aizawl uchungu wa yule binti ulikatika, madaktari wakamwambia ulikuwa wa bandia, akajifungua wiki iliyofuata bila shida yoyote. Tungewapita, wangepata lori la mchanga lililokuwa nyuma yetu, na mambo yao yangekuwa vile vile. Mume wangu alifariki kabla hatujayaona mapaa ya mji. Neno lake la mwisho lilikuwa kuniambia niinue chupa, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshuka.

Tukirudi na mwili wake siku ile, babu mmoja alikuwa ukingoni mwa barabara. Pu Rohnuna alisimama. Aliteremsha kioo, akamweleza babu kwa adabu kwamba leo hawezi kumchukua, na kwa nini. Babu alivua kofia akaomba, kama haitatuudhi, apande amsindikize marehemu mpaka pale atakaposhukia, kijijini kwake mwenyewe. Basi akapanda, akakaa miguuni pa Biakmawia, kofia magotini. Nilikuwa nimechoka hata kukasirika.

Mazishi yalikwenda kama yanavyokwenda kwetu. Vijana walichimba kaburi asubuhi, akina mama walileta mchele na chai, na majirani walikuja jioni baada ya jioni kuimba nyumbani kwangu, ngoma ikipigwa taratibu. Ziliimbwa zile nyimbo zote za nyumbani kwa juu, za mto na ng'ambo yake. Aliyeimba kwa nguvu kuliko wote alikuwa Pu Kaphranga, kaka mkubwa wa mume wangu, mzee wa kanisa, ambaye sauti yake mnaijua. Pu Rohnuna alikaa nyuma karibu na rundo la kuni. Yeye, mzee wa mbinguni, hakuniambia neno lolote kuhusu mbinguni, wala jioni ile wala nyingine. Alichochea moto.

Msiba ulipotulia, Pu Kaphranga alikwenda kwa mchungaji akapeleka malalamiko. Dereva wa hospitali alisimamisha gari la wagonjwa kubeba abiria, na ndugu yake akafa njiani. Simlaumu. Alimlea Biakmawia baba yao alipofariki, alimfundisha kuogelea na kuandika. Alitaka mtu mmoja wa kumshika shati.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Kamati ya hospitali ingemwona Pu Rohnuna ana hatia, angeachishwa kazi kwa kosa, na anayeachishwa kwa kosa huondoka mikono mitupu. Nyumba wanayokaa ni ya hospitali. Mkewe, Pi Lalthari, miguu yake hupanda ngazi tatu kisha hupumzika. Kustaafu kwake kulikuwa kumekaribia. Wote tulijua, hakuna aliyesema.

Nilingoja aje kuniomba nimsemee. Mle nyuma ya gari, aliyeyasikia maneno ya Biakmawia na kuyaelewa ni mimi, na mbele ni yeye. Yule binti alikuwa bado nje kwenye mvua. Siku zilipita, hakuja. Mwishoni nikateremka mwenyewe mpaka kwenye banda la magari. Alikuwa akisugua tairi kwa tambara.

"Pu, kwenye kikao utasema nini?"

"Nitasema nilisimama."

"Na alichosema Biakmawia?"

"Hicho sitakisema."

"Kwa nini?"

"Maneno ni yake, Pi, na hayupo kuulizwa. Nikijificha nyuma yake, siku nitakapokutana naye atanitazama. Na wewe unajua anavyotazama."

"Utafukuzwa."

"Huenda."

"Na mimi, mbona hukuja kuniomba?"

"Wewe umefiwa. Aliyefiwa hatwishwi mzigo wa mtu mwingine. Tangu lini?"

"Na Pi Lalthari atakaa wapi?"

Hapo aliacha kusugua. Alilikunja tambara, akalikunjua, akalikunja tena. "Hilo," alisema, "hilo ndilo nisilolijua."

Nilirudi chumba cha ushonaji nikavunja sindano mbili. Mtu anaamini kwamba kila anayempita atamkuta mbele, na kwa ajili hiyo anasimama kwa kila mwenye boga, halafu mkewe mwenyewe anakaribia kutolewa nje na masufuria yake. Kama mbinguni ndiko kunakomfundisha mtu hesabu hii, nilijiambia, basi mwalimu wa hesabu alikuwa na haki ya kukaa karibu na mlango.

Siku ya kikao niliitwa kuthibitisha jambo moja tu, kama gari lilisimama au halikusimama. Nilikuwa nimekusudia kusema ndiyo na kukaa. Niseme ukweli kwa nini. Maneno yale ya Biakmawia yalikuwa mzaha wake wa mwisho kwangu, na alikuwa ameniachia mimi. Sikutaka yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, katikati ya ukarabati wa choo cha wanaume na dizeli ya jenereta.

Mchungaji Thansanga, mwenyekiti, alimwuliza Pu Rohnuna kama alisimama.

"Nilisimama."

"Nani alikuruhusu?"

Pu Rohnuna alifunga kifungo cha mkono wa shati.

"Pu, tunakuuliza kwa wema. Nani alikuruhusu?"

"Breki ilikuwa chini ya mguu wangu, Mchungaji."

"Mnamsikia?" alisema Pu Kaphranga. "Hata hajitetei."

Nilimtazama mzee huyu amekaa pale na shati lake la kanisani, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kunyolewa. Nikaona kwamba kweli atakwenda nyumbani, atamwambia Pi Lalthari afunge vitu, na hatanung'unika. Nilisimama kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa juu yake.

Nikasema, "Mimi nilimwambia asisimame. Nilimwomba, na alikuwa karibu kunitii. Mume wangu ndiye aliyesema wapakiwe."

Pu Kaphranga aligeuka. "Shemeji, alikuwa anaumwa. Hakujua anachosema."

"Alijua, kaka. Alikuwa anafanya mzaha. Mdogo wako alipofanya mzaha alijua anachosema."

"Alisemaje?" akauliza Mchungaji.

Nikawaambia, neno kwa neno. Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akakohoa kuficha. Pu Kaphranga hakucheka. Alifunika uso kwa kiganja, kwa sababu sauti aliitambua. Hakuna mwingine duniani aliyeongea hivyo.

Daktari Muankimi aliulizwa kama bila kusimama kule mgonjwa angepona. Alisema hajui. Alisema huenda angefika hai, na huenda angefia mlangoni badala ya njiani, na kwamba anayetaka jibu zaidi ya hilo asimwulize yeye. Namshukuru kwa jibu hilo kuliko faraja nyingi nilizopewa.

Kamati iliamua abaki kazini. Iliweka pia kanuni kwamba gari likiwa na mgonjwa wa dharura halisimami njiani, na kanuni hiyo mimi naiunga mkono, iandikwe hivyo. Tukitoka nje Pu Rohnuna hakunishukuru. Aliniambia, kwa upole wake ule, kwamba maneno yale hakustahili kuyapata. Nilimwambia aende nyumbani akamwambie mkewe, kisha nikaenda zangu.

Ingeishia hapo, ingekuwa afadhali. Lakini Jumamosi iliyofuata alichukua shoka akaenda nyumbani kwa Pu Kaphranga, akaanza kupasua kuni uani bila kukaribishwa. Pu Kaphranga alimwambia aondoke. Alimaliza gogo alilokuwa nalo, akaondoka, na Jumamosi ya pili akarudi. Aliendelea hivyo mvua zote na baridi yote. Mwishowe shemeji yangu alikuja kwangu, amekasirika mpaka masikio.

"Anafikiri nitamsamehe kwa sababu ya kuni?"

"Hapana, kaka. Anafikiri kule mtakuwa majirani."

"Sitaki kuwa jirani yake."

"Mwambie yeye."

"Nimemwambia. Anasema hata yeye ana wasiwasi na jambo hilo, ndiyo maana anaanza mapema."

Alikaa jikoni kwangu kwa muda mrefu, akala wali na mboga ya haradali bila kuuliza kama ni zangu. Kabla ya kwenda aliniomba nimrudie yale maneno ya garini, taratibu, jinsi alivyoyasema. Nilimrudia. Jumamosi iliyofuata, nasikia, alimtolea Pu Rohnuna kigoda. Hakumwita ndani. Alikiweka karibu na kuni, akarudi zake ndani. Mpaka leo hawajafika mbali zaidi ya kigoda hicho na kikombe cha chai, lakini Jumamosi zinaendelea, na kuni za nyumba ile zitatosha watoto wa watoto wao.

Wengine watauliza mimi nimesimama wapi katika haya. Sina elimu ya mambo ya Mungu. Nyimbo za ng'ambo ya mto zinaponifikia siku hizi huwa natoka nje, kama alivyotoka mume wangu, na natazama mawingu. Lakini kuna jambo linalonitokea chumba cha ushonaji. Nikishona gauni la mgonjwa nikaona mshono wa ndani umekwenda kombo, mahali ambapo hakuna atakayeona ila utamkwaruza mtu ubavuni, nafumua. Zamani nisingefumua. Nakaa na uzi mdomoni nikimfikiria mtu nisiyemjua, atakayelilalia gauni hilo na ambaye labda siku moja atanijia toka mbali akiwa na neno la kuniambia. Hunikera sana, kwa sababu namjua aliyeniambukiza.

Pu Rohnuna, kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kila uliyemfikisha, na kwa kila uliyemchelewesha ukimfikisha mwingine. Mamlaka ya hospitali imewaachia nyumba mkae mpaka ile ya kwenu bondeni ipate paa, na vijana wamekwisha kupanga siku ya kuja kuezeka. Tunawatakia wewe na Pi Lalthari miaka mingi yenye afya, mavuno mazuri ya mahindi, na wageni wanaojua kuaga.

Langu mwenyewe ni moja. Umenizidi umri, na inawezekana ukafika kule kabla yangu. Ukimkuta Biakmawia, mwambie habari za shule, za kibanda cha getini, za kaka yake, mwambie lolote atakalouliza. Habari za kikao usimwambie. Alinipa maneno yale niyatunze, nami nikayatoa mbele ya watu ili wewe ubaki na nyumba, na sijui kama alipenda. Nitamwuliza mimi. Mwambie tu kwamba nakuja, na kwamba nina jambo naye.